Kwa nini 2³ inageuka 6, na jinsi ya kuanza kufundisha vipeo

Swali: Nafundisha Hisabati darasa la sita, wanafunzi 70 na kitu. Kila nikianza mada ya vipeo nawaeleza kwamba 2³ ni 2 × 2 × 2. Wanaitikia, tunafanya mifano mitatu minne ubaoni, inaenda vizuri. Kesho yake nikiwapa zoezi, zaidi ya nusu wanaandika 6. Narudia, wiki inayofuata 6 imerudi. Nianzie wapi?

Mwalimu, hao watoto hawajasahau. Wanaona namba mbili zimekaa pamoja, na tangu walipoanza shule kila namba mbili zilipokaa pamoja walitakiwa kufanya nazo jambo moja kati ya manne: kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya. Wewe umewaambia hapa kuna kuzidisha, nao wamezidisha: 2 mara 3 ni 6. Kwa walivyoielewa alama, wametii.

Ambacho hawajakipata ni kwamba ile 3 haizidishwi. Kazi yake ni kuhesabu 2 ziko ngapi kwenye mstari. Namba ya chini, kizio, ndiyo inayozidishwa; namba ya juu, kipeo, inasema kizio kiandikwe mara ngapi. Ukirudia "2³ ni 2 × 2 × 2" mara mia moja bila kuzitenganisha kazi hizo mbili, 6 itaendelea kurudi, kwa sababu mtoto anaukariri mfano wako na hajui ulitoka wapi.

Kwa hiyo anza bila alama. Kipindi cha kwanza chote, dakika 40, usiandike kipeo hata kimoja ubaoni. Alama hii ni ufupisho, na ufupisho hauna maana kwa mtu ambaye hajachoshwa na urefu wa kitu chenyewe. Hata wanahisabati walikaa karne nyingi bila ya kuwa nayo. Uandishi huu wa namba ndogo begani ulienezwa na mwanahisabati Mfaransa René Descartes kuanzia mwaka 1637, na yeye mwenyewe kwa kipeo cha pili mara nyingi aliendelea kuandika *aa*.

Kwa darasa kubwa, kifaa rahisi ni gazeti kuukuu. Kila dawati lipate karatasi moja. Waikunje katikati, wahesabu tabaka, waikunje tena. Ubaoni chora safu tatu: mikunjo, mlolongo, tabaka. Safu ya kati ndiyo ya muhimu, na ndiyo ambayo walimu wengi huiruka:

mikunjo 1: 2, tabaka 2
mikunjo 2: 2 × 2, tabaka 4
mikunjo 3: 2 × 2 × 2, tabaka 8
mikunjo 4: 2 × 2 × 2 × 2, tabaka 16

Ukiandika 2, 4, 8, 16 peke yake, watoto wanaona namba zinazoongezeka maradufu basi, na hawaoni ule mlolongo wa 2 ambao baadaye utafupishwa. Wadai mlolongo kwenye kila daftari. Acha pia nafasi juu ya mstari wa kwanza, tutairudia: kabla ya mkunjo wowote karatasi ina tabaka 1.

Wakifika mkunjo wa sita, tabaka 64, karatasi inakuwa ngumu, na wa saba kwa gazeti la kawaida ni wa kushindana nalo. Hapo wasimamishe na uulize: tungeweza kukunja mara kumi, tabaka zingekuwa ngapi? Kila mmoja aandike makisio yake kabla ya kuhesabu. Wengi wataandika 20. Usiwasahihishe. Hiyo 20 ni ile ile 6 yako imevaa nguo nyingine, na safari hii mbele yao kuna karatasi ambayo kwa mikunjo sita tu imeshafika 64. Mtoto anaiona mwenyewe kwamba 20 haiwezekani. Jibu ni 1,024.

Sasa waandike mlolongo wa mikunjo kumi, kisha wa ishirini. Kufikia 2 ya kumi na nne hivi wanaanza kupoteza hesabu; mmoja ana 19, mwingine 21. Hapo ndipo haja ya alama inapozaliwa: tunataka njia ya kusema "2 ishirini, zote zimezidishwa" bila kuziandika. Kipindi cha pili kifungue kwa haja hiyo, uandike 2²⁰, uwaambie ile 20 imechukua nafasi ya kuhesabu kwa kidole.

Ukitaka kuwapa kitu cha kubishania nyumbani, pima rimu ya karatasi: karatasi 500 zina unene wa sentimita 5 hivi, yaani karatasi moja ni kama milimita 0.1. Tabaka 1,024 zina unene wa sentimita 10 na kidogo. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Je, tungeweza kukunja tu, mikunjo mingapi ingeupita? Mikunjo 25 inatoa mita 3,355. Wa 26 unatoa mita 6,710. Na wakidai hakuna awezaye kupita mikunjo saba, waambie kuhusu Britney Gallivan, mwanafunzi wa sekondari huko California, ambaye mwaka 2002 alikunja karatasi ya chooni yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja mara 12. Wahesabu tabaka zake: 4,096.

Lakini usikae kwenye 2 muda mrefu. Mtoto aliyeona 2 peke yake ataamini kwamba kipeo maana yake ni kuongeza maradufu, na 5³ atakupa 5, 10, 20, 40. Kipindi hicho hicho cha pili lete namba ya siri ya simu ya pesa. Ina tarakimu nne, na kila nafasi inaweza kuwa na tarakimu yoyote kati ya 0 na 9, yaani chaguo 10. Namba za siri tofauti ziko ngapi? Anza na nafasi moja: 10. Nafasi mbili: kwa kila moja ya zile 10 kuna 10 nyingine, 10 × 10 = 100, kuanzia 00 hadi 99, wanaweza hata kuzitaja. Nafasi nne: 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10⁴, namba 10,000. Anayesema 4 × 10 = 40 muulize kama angeweka pesa zake kwenye simu ambayo mwizi anahitaji kujaribu mara 40 tu. Mfano wa tatu uwe na kizio kingine tena: mtihani wa maswali matano, kila swali lina A, B, C na D. Njia za kujaza karatasi nzima ni 4⁵, yaani 1,024. Katika mifano hii nafasi, au maswali, ndizo kipeo, na chaguo ndizo kizio. Watoto wayataje mawili hayo kwa sauti kabla hawajaandika chochote.

Namba za kwanza unazoandika ubaoni zina uzito kuliko maelezo yako. Mfano mbaya kuliko yote wa kuanzia ni 2², na ndio ambao karibu kila mtu huanza nao. 2 + 2 ni 4, 2 × 2 ni 4, 2² ni 4. Mtoto akikosea kwa njia yoyote anapata alama ya vema, na wewe hujui. Mwingine wa kuepuka mwanzoni ni 2⁴, kwa sababu 4² nayo ni 16, na watoto watahitimisha kwamba kizio na kipeo vinaweza kubadilishana nafasi kama 2 × 4 na 4 × 2. Hiyo ndiyo jozi pekee ya namba nzima chanya zilizo tofauti inayokubali mchezo huo. Waonyeshe 2³ na 3² kwanza, 8 na 9, halafu 2⁵ na 5², 32 na 25, mpaka wajue nafasi ina maana. Kizio 1 nacho kiache kwa muda: 1⁵ ikijibiwa 5 ni kosa lenye faida, ila siku ya kwanza linachanganya tu.

Kuna pia sentensi tunayoipenda, "2 ijizidishe yenyewe mara tatu". Mwanafunzi makini anaandika 2, kisha anaizidisha kwa 2 mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, anapata 16. Amefanya ulichosema. Kwenye 2³ kuna 2 tatu, lakini alama za kuzidisha ni mbili. Sema "andika 2 mara tatu, kisha weka alama za kuzidisha katikati yake". Hii inazuia kosa hilo kabla halijaota, na haimgharimu mtu kitu.

Kuhusu mwandiko: ubaoni kipeo kiwe nusu ya ukubwa wa kizio na kikae begani, si pembeni. Mtoto wa dawati la nyuma anasoma 34 pale ulipoandika 3⁴, na ananakili 34. Kwenye daftari la miraba, kizio kijaze mraba na kipeo kiwe kwenye pembe ya juu kulia ya mraba huo huo. Usiseme ni jambo dogo. Katika darasa la watu 70 majibu mengi ya ajabu yanatoka hapa.

Kabla ya kuendelea, pima. Huna haja ya maswali ishirini. Swali moja, 3⁴, linatosha kukuonyesha nani anafikiri nini, kwa sababu kila kosa lina jibu lake. Aliyepata 81 yuko sawa. Aliyeandika 12 amezidisha kizio kwa kipeo. Aliyeandika 7 amejumlisha. 64 amegeuza, amefanya 4 × 4 × 4. 243 ameongeza 3 moja, huyo ndiye wa "mara nne". 34 hakuona kwamba 4 iko juu. Na 6,561 amezidisha kila jibu kwa jibu lenyewe: 3 × 3 ni 9, 9 × 9 ni 81, 81 × 81. Kosa hili la mwisho huwezi kulitofautisha kwa 2³, kwani 4 × 4 inatoa 16, sawa kabisa na aliyeandika 2 nne. Ndiyo maana napendelea 3⁴ kuliko swali lingine lolote la kupimia. Waambie waandike kwenye vipande vya karatasi, kusanya, panga mafungu kwa jibu, na utajua kesho uanze na nani. Fungu la 12 lirudi kwenye mlolongo. Fungu la 243 linahitaji tu kuhesabu alama za kuzidisha. Kuwaeleza wote upya tangu mwanzo ni kupoteza muda wa walioelewa na kutowagusa waliokosea.

Kwa fungu la 6,561, wafundishe kuandika kila hatua huku kizio kikibaki kile kile: 3, kisha 3 × 3 = 9, kisha 9 × 3 = 27, kisha 27 × 3 = 81. Kinachoingia kila mara ni 3, si jibu la hatua iliyopita.

Mazoezi yaende pande mbili, na upande wa pili ndio unaosahaulika. Kutoka 6³ kwenda 6 × 6 × 6 ni rahisi. Wape pia 7 × 7 × 7 × 7 × 7 waiandike kwa kipeo, na kati yake chomeka visivyo vipeo: 4 + 4 + 4, 5 × 5 × 2, 6 × 6 + 6, 8 × 3. Swali liwe: ipi inaweza kuandikwa kwa kipeo, na kwa nini nyingine haziwezi? Ubishi wa 5 × 5 × 2 utakuwa mzuri, maana sehemu yake inaweza: 5² × 2. Na 4 + 4 + 4 inawapa nafasi ya kuweka mambo mawili bega kwa bega, kujumlisha kunakorudiwa ambako kufupishwa kwake ni 3 × 4, na kuzidisha kunakorudiwa ambako kufupishwa kwake ni kipeo. Ile 6 yako ya 2³ ni jibu sahihi la 2 + 2 + 2, na mtoto akiliona hilo ameona kosa lake lilipo.

Kwenye mpangilio wa matendo utakutana na shida ambayo haikuletwa na watoto. Wamekariri MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kipeo hakimo. Basi 2 × 3² wanaifanya kutoka kushoto, 6² ni 36, wakati jibu ni 18. Vivyo hivyo 20 − 4² inakuwa 16², 256, badala ya 4. Waambie wazi kwamba kipeo kinakaa mara baada ya mabano, kabla ya kugawanya na kuzidisha, na uwape sababu: kipeo kimefungwa kwenye namba iliyo chini yake tu. 3² ikifunguliwa inafunguka ndani ya mabano yake, 2 × (3 × 3). Kama tungetaka 2 nayo iingie, tungeandika (2 × 3)². Waandike mabano hayo kwa mkono kwa wiki nzima, hata yanapoonekana ya ziada. Jozi nzuri ya kufanyia kazi ni 5 + 2³, ambayo ni 13, na (5 + 2)³, ambayo ni 343.

Vipeo vya 10 vina mtego wao. Wakiambiwa "kipeo kinahesabu sifuri", wengine wanaandika 10, wanaongeza sifuri tatu, na 10³ inakuwa 10,000. Sifuri zinahesabiwa baada ya 1. Wengine wanahamishia kanuni hiyo kwenye kila namba: 5³ ni 5,000, 20² ni 2,000. Dawa ni mlolongo tena, 20 × 20 = 400. Unganisha na thamani za nafasi wanazozijua: mamia ni 10², maelfu 10³, milioni 10⁶.

Vipimo vya eneo ni mahali ambapo kipeo kinaokoa alama za mtihani. Mita 1 ni sentimita 100, na watoto wanasema mita 1 ya mraba ni sentimita 100 za mraba. Chora sakafuni kwa chaki mraba wa mita moja kila upande, ugawe kwa mistari ya kila sentimita 10. Inatokea miraba 100, na kila mmoja peke yake una sentimita 100 za mraba. Jumla ni 100 × 100, yaani 100², 10,000. Kwa ujazo ni 100³, sentimita 1,000,000 za ujazo, na hizo ni lita 1,000, tangi zima la maji.

Namba tasa zitakupa kazi ya maana ya kuitumia alama. 72 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3, yaani 2³ × 3². 60 ni 2² × 3 × 5. Kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) cha 72 na 60 chukua kila namba tasa na kipeo chake kikubwa, 2³ × 3² × 5 = 360; kwa KKS (kigawo kikubwa cha shirika) chukua zile zinazopatikana kwenye namba zote mbili, na kipeo kidogo, 2² × 3 = 12. Mtoto anayetumia vipeo hapa hapotezi 2 njiani.

Sasa ile nafasi tuliyoiacha. Watoto wakiulizwa 3⁰ wanasema 0, kwa hoja kwamba hakuna 3 yoyote. Usiwape kanuni ya kukariri. Andika kushuka: 3⁴ ni 81, 3³ ni 27, 3² ni 9, 3¹ ni 3. Kila hatua tumegawanya kwa 3. Hatua inayofuata ni 3 ÷ 3, ambayo ni 1. Halafu rudi kwenye gazeti: mikunjo 0, tabaka 1, karatasi ipo pale pale haijakunjwa. Wenye haraka watauliza kuhusu hatua ya chini zaidi; wajibu kwamba ni 1 ÷ 3, theluthi moja, na uishie hapo.

Wasiamini pia kwamba kipeo hukuza namba siku zote. 0.5² ni 0.25. Na 0.3² ni 0.09, ingawa wengi wataandika 0.9 kwa kuwa wamezidisha 3 × 3 na kurudisha nafasi moja tu ya desimali; waandike 3/10 × 3/10 = 9/100 nao wataona mbili. Kwa sehemu, (2/3)² ni 4/9, kipeo kinagusa juu na chini.

Kanuni ya kuzidisha vipeo vyenye kizio kimoja usiitangaze. Wape 2³ × 2⁴, wafungue yote, wahesabu 2: saba, 2⁷. Wafanye hivyo mara sita kwa vizio tofauti na wataitunga wenyewe. Ukiwapa kanuni mkononi, watakuletea 2¹², au 4⁷ kwa kuzidisha vizio pia, na watajumlisha vipeo hata penye kujumlisha: 2³ + 2⁴ wataandika 2⁷, 128, wakati 8 + 16 ni 24. Kila mara swali la kuwauliza ni moja: fungua, nionyeshe.

Kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa namba uliyopewa, usikifundishe wiki moja na kipeo cha pili. Majina yanakaribiana mno masikioni, na kosa lake ni pacha wa hilo ulilouliza: anayesema 4² ni 8 ndiye atakayesema kipeuo cha pili cha 16 ni 8, mmoja amezidisha kwa 2, mwingine amegawanya kwa 2. Subiri hadi vipande vya karatasi vya 3⁴ vikionyesha fungu la 12 limebaki na watu wachache. Ndipo ulete kipeuo, nacho kwa mchoro wa mraba: eneo ni 16, upande ni ngapi?